Kijiti cha Mlimau

Mgeni aliteremka kwenye bodaboda huko Gesima, viatu vizito kwa tope la mashamba ya chai, akakuta watu watatu wakipekua rundo la kuni. Akadhani wanasaka nyoka.

"Karibu, lakini usikanyage!" alisema Mong'ina, mwalimu mstaafu aliyemwalika kuona vipepeo. "Tunatafuta kijiti."

Mong'ina hulea viwavi wa mlimau ndani ya kipande cha chandarua, mjukuu wake Linda na watoto wa jirani wapate kujifunza. Wakiwa wachanga hufanana na mavi ya ndege. Watoto walicheka wiki nzima. Safari hii siafu waliwamaliza, akabaki mmoja, aliyejifunga kwenye kijiti akawa pupa. Linda alimlisha tangu yai, na Jumapili angerudi kwa mama yake Suneka. Sasa Drusilla, mkaza mwana wa Mong'ina, akiisafisha nyumba Ijumaa kwa ajili ya Sabato, alikuwa amekitupa kijiti kwenye kuni.

"Mama, nilidhani ni jani limekauka."

"Macho yanayookota mchanga kwenye nafaka ya wimbi hayakuliona hili?"

Linda ndiye aliyekipata. Pupa alikuwa mzima, ila uzi uliomshikilia ulikatika, na asiponing'inia kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana. Mong'ina akaitisha sindano na uzi amfunge tena. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya kilima.

"Magokoro," Linda alimnong'oneza bibi yake, machozi yakimlenga, "Sabato imeingia. Kushona ni kazi."

Mong'ina alisita. Maisha yake yote hakuwahi kushona hata kifungo saa hiyo. Akamtazama mtoto.

"Ng'ombe wa jirani akikwama matopeni siku ya Sabato, hatumvuti?"

"Huyo ng'ombe wako ana mabawa," alisema Drusilla, lakini akamshikia taa.

Asubuhi, wote wakiwa na nguo za kanisa, pupa alipasuka. Kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano alijikokota nje, mabawa yamelowa, yakakunjuka kidogo kidogo. Linda aliinama hadi pua ikagusa chandarua.

Nyimbo zilikuwa zimeanza kanisani. Mabawa yangechukua saa nzima kukauka, na kuku walishafika barazani. Mong'ina akamsogezea mgeni kigoda na kumpa fimbo.

"Wewe leo kanisa lako ni hapa."

Akamshika Linda mkono, wakashuka kati ya migomba.

"Umwambie asiruke kabla sijarudi!" mtoto alipaza sauti kutoka bondeni.

Mgeni akamfukuza kuku wa kwanza.