Shemasi na Usukani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kukodi gari huko Randburg. Mbele yangu mume na mke walikuwa wakibishania safari yao ya wiki moja kwenda Cape Town. Mume, Mkongo aliyevaa suti, alitaka wazunguke mashamba ya mizabibu. Mke, Mtanzania, alitaka bahari.

“Baba, wewe ni shemasi, pombe hunywi. Kwenye mizabibu unafuata nini?”

“Mandhari,” alijibu mume, akinyoosha tai.

Binti wa kaunta, Mkenya, akauliza nani ataendesha. Mume akainua mkono haraka.

“Sawa, mzee. Lakini huko kila shamba wanaonjesha mvinyo, na dereva haruhusiwi kuonja.”

Mkono ukashuka polepole, ukamwelekea mke. “Andika mama. Yeye njo anaendesha muzuri.”

Foleni nzima tukacheka. Mke hakucheka. Alipokea ufunguo wa gari kutoka kwa binti, akautia mkobani, akafunga zipu.

“Vizuri. Basi njia nachagua mimi.”

Wanaume wenzangu, mkiificha kiu yenu, mtapokonywa hata usukani. Walipokuwa wakitoka nilimsikia shemasi akiuliza kwa unyonge, “Na kule pwani, mama, zabibu hazioti?”