Spika Nne za Baba na Sauti ya Bibi

Kama ulikuwa mtoto Temeke enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, huhitaji kuelezwa Jumapili ilikuwa na harufu gani. Asubuhi ilinukia mafuta ya nazi na nguo za mitumba zilizopigwa pasi ya mkaa. Mchana ilinukia pilau kwa waliojaaliwa na mihogo ya kukaanga kwa sisi wengine. Ikifika alasiri, kwetu Tandika, ilinukia watu, maana nusu ya mtaa ilikuwa imekaa katika sebule yetu, magoti kwa mgongo, ikisubiri video.

Wakati ule bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Ukiwaambia hivyo vijana wa leo wanakutazama kwa huruma, kama vile umewaambia ulizaliwa bila sikio. "Sasa mama, hiyo TV ilikuwa ya nini?" Ilikuwa ya kanda za video, na kanda zilikuwa za Kihindi. Baba yangu, aliyekuwa akiendesha folklifti bandarini, alinunua televisheni na deki kutoka kwa baharia mmoja, na kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikuwa yetu peke yetu tena. Tulikuwa tunacheza rede na kombolela barabarani mpaka miguu inabadilika rangi, lakini tukisikia mlango wa sebule umefunguliwa, mchezo uliishia hapo hapo, hata kama kuna mtu bado amejificha. Mama alisimama kizingitini na ndoo ya maji. "Miguu! Sebule yangu siyo uwanja wa mpira." Aliosha miguu ya mtaa mzima yule mama, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekuja kuuliza kwa nini mwanangu anaoshwa.

Lakini mwenye Jumapili hizo hakuwa Baba mwenye deki wala Mama mwenye sebule. Alikuwa Bibi.

Bibi alikuwa mama yake Baba, Mzaramo wa Mtoni, mwembamba, mcheshi, mwenye tambuu shavuni. Babu alipofariki, Baba alimhamishia kwetu. Hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Mwanamke aliyezoea kupika kwenye jiko lake na kupanga vyombo vyake, sasa alikuwa akiuliza chumvi iko wapi. Mama hakumnyima kitu, hata kidogo, ila siku sita za wiki Bibi alikaa kwetu kama mgeni anayeogopa kuchosha wenyeji. Siku ya saba ndiyo alikuwa mwenyeji. Alivaa khanga mpya, akaketi kwenye kigoda kando ya televisheni, mkono mmoja juu ya kitufe cha sauti, na kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri. Ujanani Bibi aliwahi kuwa yaya kwenye nyumba ya Wahindi kule Upanga, kwa hiyo mtaa uliamua kwamba anajua Kihindi, na yeye hakuona sababu ya kubishana na mtaa. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba alijua yale tu anayoambiwa yaya: lete maji, funga mlango, mtoto analia. Katika sinema yenye urefu wa saa tatu maneno hayo hayatokei sana. Yakitokea, Bibi alitikisa kichwa kwa uhakika mkubwa na kutangaza, "Kaomba maji huyo!" na kweli mtu analetewa maji, basi sote tukazidi kuamini. Yaliyobaki aliyatunga mwenyewe.

Na alijua kutunga! Wakiongea alipunguza sauti ya televisheni, akatusimulia. Wakianza kuimba aliongeza, akanyamaza atafune tambuu. Hakuna mhusika aliyekosa ukoo. "Huyu mwenye sharubu ni baba yake mdogo, ndo aliyeuza shamba la marehemu. Mtazameni macho! Halafu anajifanya kaleta zawadi." Mama wa binti alikuwa mtu wa Kisarawe, ndiyo maana hakutaka posa ya mtu wa mjini. Kulikuwa na jirani yetu Mzee Chilumba, mchonga vinyago, Mmakonde kutoka Newala, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na suti yake ya kahawia. Siku moja aliuliza, "Bibi, mbona huyu juzi alikuwa askari, leo daktari?"

"Kaacha kazi," Bibi akamjibu bila kugeuka. "Mshahara hautoshi."

Sebule nzima ikaitikia kwamba ni kweli, hautoshi.

Basi ndipo Baba alipoingiwa na maendeleo. Ilikuwa miaka ile ambayo Kariakoo ilijaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwenye kalenda tu, na kila mwanamume mwenye mshahara alitaka kitu chenye taa. Baba alirudi siku moja akitembea mbele ya mkokoteni uliobeba makatoni: amplifaya, ikolaiza, na spika nne. Ikolaiza ndiyo iliyotumaliza. Ilikuwa na vijitaa vya kijani na vyekundu vinavyopanda na kushuka kufuatana na sauti, nasi watoto tulidhani ndani kuna mtu anayeviendesha. Baba aligonga misumari kwenye pembe nne za sebule, akatundika spika, akavuta nyaya chini ya mikeka. Halafu, kama ulivyokuwa mtindo wa mafundi wa wakati ule, alimwomba Mama mtungi wa maji, ukiwa mtupu, ili atumbukize spika moja ndani besi ipate tumbo.

"Mtungi wangu?" Mama alisema. "Katumbukie wewe."

Mtungi ukapona. Lakini spika ya televisheni yenyewe Baba aliizima kabisa, sauti yote ikahamia kwenye amplifaya, na amplifaya ikawekwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikapigwa marufuku kuguswa na mtu yeyote zaidi yake. "Zamani mlikuwa mnaiona sinema," alitutangazia. "Sasa mtaisikia."

Tuliisikia. Jumapili hiyo mwanzo wa kanda ulipopiga ngoma, glasi za kabatini zilicheza, vumbi likashuka kutoka darini, na farasi walipoanza kukimbia Mzee Chilumba aligeuka nyuma kuangalia kama mlango umefungwa. Tulipiga kelele za furaha. Baba alisimama kando ya vijitaa vyake, mikono kiunoni, uso unang'aa. Kisha farasi wakasimama, watu wakaanza kuongea, na Bibi akazungusha kitufe chake.

Hakuna kilichotokea. Akazungusha tena, mpaka mwisho. Sauti ile ile.

"Mwanangu, punguza kidogo nisemee watu."

"Hii haipunguzwi, Mama," Baba alisema, macho kwenye vijitaa. "Ukipunguza, besi inakufa."

Bibi akajaribu kupaza sauti. Alisema kitu kuhusu baba mdogo na shamba, wakatokea watu wa kwenye sinema wakamfunika. Akapaza zaidi, tambuu ikampalia, akakohoa. Akamalizia kwa kutuonyesha kwa mikono, nasi hatukuelewa. Mwishowe alinyanyuka, akajifunga khanga yake vizuri. "Nyie tazameni," alisema. "Mie nina mchele wa kuchagua."

Hapakuwa na mchele wa kuchagua. Mama alikuwa ameshauchagua na ulikuwa jikoni unatokota. Nilimwona Bibi anavyopita kati ya watu akiomba njia, kwa adabu, kama mgeni, na ingawa nilikuwa mdogo niliumia.

Jumapili iliyofuata hakuvaa khanga mpya. Sinema ilipigwa, glasi zikacheza, ila sasa hakuna aliyejua nani ni nani wa nani. Mwenye sharubu alilia, hatukujua kwa nini. Usiku ule tuliwasikia wazazi chumbani, maana kuta zetu zilikuwa za kusikilizana. "Umemnyang'anya mama yako kazi," Mama alisema. "Kazi gani?" Baba akashangaa kweli kweli. "Mie nimewaletea sauti!" Hakuwa mtu mbaya baba yangu. Ni vile tu mtu akishanunua kitu chenye vijitaa, hachoki kuvitazama.

Jumapili ya tatu ndiyo ninayoicheka mpaka leo. Bibi alikuwa uani na ungo wake, Mama akikuna nazi pembeni. Sauti ya spika nne ilipita ukutani kama ukuta haupo. Bibi akasikiliza, akasikiliza, na maskini mdomo ukamwasha. "Huyo anayelia," akamwambia Mama, "ni mke mdogo. Kafukuzwa. Na hicho kishindo ni mwenye sharubu, kaangusha sanduku." Mzee Chilumba alitoka kwenda kunywa maji, akasikia, akakaa juu ya ndoo. Hakurudi ndani. Akatoka mama mmoja kumbembeleza mtoto, naye akabaki. Mie nilijifanya naenda msalani. Punde uani pamejaa, watu wamekaa kwenye vinu, kwenye magogo, wengine wamesimama, wanatazama ukuta mtupu na kuiona sinema nzima. Kicheko chetu kilishinda amplifaya.

Sebuleni alibaki Baba na spika zake nne.

Sijui alikaa peke yake muda gani. Nilipogeuka nilimwona amesimama kwenye mlango wa uani, hakuna aliyemsogezea kiti. Bibi alikuwa amefika mahali pakali: wanaume wawili wanagombania shamba, mapanga yameshatolewa. Baba alivumilia, mwisho akashindwa. "Mama, pale ni harusi."

"Harusi gani yenye makelele hivyo? Wanagombana hao."

"Nimeiona kwa macho yangu, Mama. Bi harusi yupo, mashada yapo."

Bibi alifikiri kidogo. "Basi wanagombania harusini," akasema, na watu wakaangua kicheko mpaka Mama akaacha mbuzi ya nazi. Baba naye alicheka. Alicheka huku amejishika mlangoni, na nadhani ndipo alipoelewa.

Kwetu, mtoto hamwombi mzazi radhi mbele za watu na mzazi hamlazimishi. Watu hutafuta njia ya pembeni. Jumapili iliyofuata Baba alikwenda uani mwenyewe. "Mama, njoo unisikilizie, spika ya pembe ile naona inakoroma." Bibi akainuka akasikilize spika. Hakuna spika iliyokuwa inakoroma, kila mtu alijua. Baba akafungua katoni, akatoa maiki iliyokuwa bado ndani ya nailoni yake, aliyokuwa anaitunzia harusi za ukoo, akaichomeka kwenye amplifaya. "Shika. Sema kitu tuijaribu."

"Niseme nini?" Bibi aliuliza, na pembe zote nne za nyumba zikauliza: nini, nini, nini. Alishtuka akaziba mdomo. Kisha akacheka, na kicheko chake kikazunguka sebule kikamrudia. Nakwambia, sijapata kumwona mtu mzima akifurahi namna ile. Akakaa kwenye kigoda chake, akanyoosha mgongo. "Haya, kaeni chini nyote. Huyu mwenye sharubu msimwamini."

Haukupita hata wimbo mmoja, mke wa Mzee Chilumba akaingia mbio, khanga kiunoni, machozi yameshaanza kumlenga. "Kafa nani?" Maana mtaani kwetu kipaza sauti mchana namna hiyo ni msiba. Akaambiwa hajafa mtu, ni Bibi. Akafuta macho, akasogeza watu, akakaa.

Toka hapo mambo yalikuwa hivyo. Bibi akiinua kidole, Baba anapunguza sinema. Akikishusha, Baba anaongeza nyimbo. Mwendesha folklifti mzima, mbele ya wafanyakazi wenzake waliokuja kutazama, anaendeshwa kwa kidole cha mama yake, na alijivunia. Siku sita za wiki nazo zilibadilika. Bibi aliacha kuuliza chumvi iko wapi, akaanza kutuuliza sisi nani kaihamisha.

Baadaye vituo vya televisheni vikaja, kila nyumba ikanunua ya kwake, na watu wakaacha kuoshwa miguu na Mama. Bibi alifariki kabla sijamaliza sekondari. Namkumbuka kila nikisikia mtu anapuliza maiki kuijaribu.

Siku hizi naishi Kimara, nina seti ya sinema ya nyumbani ambayo Baba angeitundikia pazia. Mwezi uliopita nilibadilisha prosesa ya sauti, ile mashine inayogawa sauti kwenye spika, maana watoto waliniambia ile ya zamani imepitwa na wakati, na hakuna tusi kubwa kwao kuliko hilo. Fundi alikuja, kijana mpole, akaniamkia vizuri, akafunga mashine isiyo na kijitaa hata kimoja. Kisha akatoa kimaiki kidogo chenye miguu mitatu.

"Hiki nani ataongelea?" nikauliza.

"Hapana mama, hiki hakiongelewi. Kinasikiliza chumba, kinapima sauti inavyofika kwenye kila kiti. Nitaomba tunyamaze kabisa."

Kunyamaza hakukuwa kazi. Mwanangu alikuwa chumbani kwake na vitu vyake masikioni, anatazama sinema kwa mwendo wa mbio ili iishe haraka. Dada yake alikuwa chumba kingine na sinema ya kwake kwenye simu, ndogo kama kiganja, maandishi ya Kiswahili yanapita chini. Baba yao amekwenda kutazama mpira kwa rafiki yake. Spika ni nyingi kuliko watu.

Fundi akatazama makochi yangu, yale makubwa yaliyozunguka ukuta mzima. "Mama, huwa mnakaa wapi mkiangalia? Nipime viti vyote?"

Nilifikiri kidogo, kisha nikamwonyesha kiti changu. "Pima hicho kimoja," nikamwambia.