Siku Niliyorudisha Gari Yadi na Mama Mkwe Ndani

Nimewahi kurudisha gari ya watu kwa yadi ya kuuza magari, nikapeana funguo, nikashukuru, nikaenda zangu.

Na mama mkwe alikuwa bado ndani.

Cheka ukimaliza unisikilize, kwa sababu hii maneno ilinipata mwaka jana hapa Meru, na hadi leo nikipita Makutano, penye hiyo yadi, naangalia kando.

Mimi naitwa Muthamia. Nauza spea za magari, na nina ugonjwa wa mashindano ya magari. Wengine wana mpira, mimi nina Subaru ya bluu niliyoijenga kwa mikono yangu miaka minne. Viti vya nyuma nilitoa ili iwe nyepesi. Mbele kuna viti viwili tu, vile vya kukumbatia mbavu, vya chini kabisa. Ikinguruma asubuhi mtaa wote wa Kaaga unajua Muthamia ameamka.

Mke wangu Nelius aliivumilia sana hiyo gari. Lakini tulikuwa na watoto wawili na wa tatu alikuwa njiani.

Halafu kukawa na magoti ya mama.

Mama yake Nelius anaishi Siakago, kule Mbeere. Jina lake siandiki hapa. Silitaji hata nyumbani, kwa hivyo mtandao usijidhanie. Magoti yalianza kumsumbua, kila mwezi akawa anakuja kuonwa na daktari Nkubu, na mkwe wake mwenye gari hana mahali pa kumkalisha. Alikuwa anakuja na gari za abiria, anashuka akichechemea.

Nelius akaniambia, "Muthamia, hapa Makutano kuna gari ya viti saba. Wanakubali kubadilishana na Subaru. Jumamosi tunaijaribu na mama. Mama akisema ni nzuri, tunachukua. Akisema ni mbaya, sitakusumbua tena na hiyo Subaru yako."

Nikamwambia sawa.

Roho ikaniuma kabisa. Mashindano ya klabu yalikuwa wiki tatu mbele, kule kwa vumbi ya Mbeere, na mimi na rafiki yangu Kobia tulikuwa tumejiandaa mwaka mzima. Kobia ndiye msoma ramani wangu. Nilimpigia simu nikamweleza.

"Kwa hivyo kila kitu kiko kwa mdomo wa mama mkwe wako," akasema.

"Kila kitu."

"Basi hakikisha hiyo gari haimpendezi."

Shetani ana sauti ya Kobia, wacha niwaambie.

Jumamosi asubuhi nikaacha Subaru pale yadi, nikachukua ile gari ya viti saba, ya rangi ya fedha. Aina yake siitaji, nisionekane nimelipwa. Nikaenda nyumbani kuchukua familia.

Sasa, kama hutoki pande zetu, elewa kitu kimoja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamshikani mikono. Hamuangaliani machoni. Hamketi pamoja, na maneno yakilazimu yanapitia kwa mtu wa tatu. Tunaita nthoni. Si chuki, ni heshima. Miaka tisa ya ndoa, na mama hajawahi kuniambia neno moja uso kwa uso.

Kwa hivyo mama aliingia kiti cha nyuma kabisa, safu ya tatu, kwa kona. Mimi nikakunja kioo cha ndani kikaangalia dari, ndio macho yetu yasikutane kwa bahati mbaya. Nikawa naendesha na vioo vya pembeni pekee.

Na nikaanza kazi yangu.

Kila tuta kati ya Meru na Nkubu nililipitia vizuri, bila kugusa breki. Shimo lilipokosekana nililitafuta. Kwa kona nilikaza usukani kidogo zaidi ya inavyofaa. Watoto walikuwa wanacheka huko nyuma wakisema baba rudia.

"Muthamia, polepole," Nelius akasema.

"Ni gari," nikamjibu. "Iko hivyo."

Lakini kwa moyo nilikuwa nashangaa. Ile kitu ilikuwa inameza matuta. Unaingia ukingoja kishindo, na kishindo hakiji.

Daktari akamwona mama, tukageuka kurudi. Tulipofika soko ya Gakoromone, Nelius akashuka na watoto kununua mboga. Wakati huo Kobia alikuwa ananipigia. Nelius aliniambia kitu akiwa mlangoni, mimi nikamjibu "sawa, sawa" nikishika simu. Mlango ukafungwa. Kimya ndani ya gari.

Nikajua wote wameshuka.

Nikaweka simu kwa spika, nikaenda zangu Makutano nikipiga domo.

"Kobia, nimewarusha," nikasema. "Nimewarusha kama viazi kwa gunia."

"Mama amesemaje?"

"Atasema nini, si nthoni. Lakini jioni atamwambia msichana wake hiyo gari ni mbaya, na Subaru imepona. Hakuna tuta nimeacha, magoti yake yamelia leo."

Kobia akacheka hadi akakohoa.

"Lakini nikuambie ukweli," nikaongeza. "Gari ni tamu. Kama ningekuwa mtu mzuri ningeinunua leo."

Hayo yote niliyasema kwa Kimeru, kwa sauti, dakika kumi nzima. Na mtu wa Mbeere hahitaji mkalimani wa Kimeru.

Pale yadi, muuzaji anaitwa Gitari, alikuwa ananingoja na mteja mwingine, mzee mmoja wa buchari anaitwa Jamaldin, mtu wa hapa mjini. Jamaldin alikuwa na haraka. Nikatoka, akaingia, Gitari akamwambia aende barabara ya Nkubu aisikie kwa milima. Ikaondoka.

Mimi nikachukua Subaru yangu nikaenda dukani nikipiga mluzi.

Baada ya saa moja hivi, simu. Nelius.

"Mama amelala? Nagonga mlango hafungui."

"Mlango gani?"

"Wa nyumba, Muthamia. Si nilikwambia umpeleke mama nyumbani kwanza ndio urudishe gari? Ukasema sawa."

Hapo ndio nikakumbuka lile "sawa, sawa" la sokoni.

"Muthamia. Mama yuko wapi?"

Nilikata simu nikakimbia yadi.

Gitari alipompigia Jamaldin, simu iliita tu. Ya mama ilikuwa imezimwa, yeye huiwasha akitaka kupiga. Nikaingia barabara ya Nkubu na Subaru, na nawaambia, nimekimbia mashindano sita maishani lakini sijawahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nawaza huyo mama wa watu, mgonjwa, amebebwa na mwanaume asiyemjua, na kabla ya hapo amekaa nyuma yangu dakika kumi akinisikiliza.

Labda alikuwa amelala. Nilijiambia hivyo kilomita kumi na tatu zote. Kwa matuta yale ni nani angelala, lakini nilijiambia tu.

Mbele yangu trekta ya nyasi, ikienda mwendo wa harusi. Gari yangu yote hiyo, na nikakaa nyuma ya trekta hadi karibu Nkubu.

Halafu nikaiona. Gari ya fedha, imeegeshwa kando ya wauza ndizi. Mlango wa nyuma wazi. Mama ameketi ukingoni miguu nje, anakula ndizi. Jamaldin ameinama anachungulia tairi, na mama anamwelekeza kwa kidole.

Nikasimama hatua kama nane mbali. Nthoni haiishi kwa sababu umepoteza mtu.

Jamaldin akaniona. "Si wewe ndio umerudisha hii gari pale yadi? Huyu mama ni wa yadi?"

"Ni mama mkwe wangu."

Akaniangalia, akamwangalia mama, akaangalia tena mimi.

"Mimi nilidhani ni mama yake Gitari," akasema. "Nikajua wamemweka achunge nisiibe gari."

Ilibainika mama naye alikuwa na hesabu yake. Aliponiona nimeshuka na mwanaume mwingine ameingia, alifikiri mimi ndiye nimepanga hivyo. Kwamba mkwe wake ana adabu, hawezi kubaki peke yake kwa gari na mama, ameita dereva mwenye umri. Alifurahi hata. Akamwambia Jamaldin, "Nipeleke Kaaga, baba." Jamaldin akamjibu atampeleka, lakini kwanza aisikie gari kwa milima. Na mama, kwa heshima, akakubali kuisikia naye.

"Mwambie sikuwa na haraka," mama akasema, akiangalia ndizi.

Jamaldin amekulia Meru, anatujua. Akasimama katikati yetu kama kadhi. "Anasema hakuwa na haraka."

"Mwambie naomba msamaha," nikasema, nikiangalia viatu vyangu.

"Mama, anaomba msamaha."

"Wa nini?"

Hapo nikakwama. Kwa sababu sikujua naomba msamaha wa kosa gani. La kumsahau, au lile lingine?

Jamaldin akaniokoa, ama akanizika, sijui. Alikuwa amejaa furaha.

"Bwana, huyu mama ameniuzia gari kuliko Gitari. Anasema tangu asubuhi amekaa hapo nyuma na magoti hayajamuuma hata kidogo. Eti mtu aliyekuwa akiendesha alikuwa anafuata matuta makusudi, kila moja, na gari ikambeba tu kama mtoto. Jumatatu nailipia."

Makusudi.

Kumbe hakuwa amelala. Mama aliendelea kumenya ndizi ya pili, polepole, bila haraka.

Jamaldin alikuwa anaendelea hadi Igoji kuangalia ng'ombe. Kwa hivyo ilibidi mama arudi na mimi, kwa Subaru, kiti cha mbele, bega karibu bega. Aliiangalia muda mrefu. Akatoa leso, akajifunika upande wa uso unaonielekea, akaanza kuingia.

Nilisema hicho kiti kiko chini. Kwa mtu wa magoti, ni kama kushuka kisimani. Aliweka mguu mmoja, akatoa. Akajaribu na ule mwingine. Alishika mlango, nikasikia akivuta pumzi kwa meno. Mimi siwezi kumgusa. Jamaldin ndiye alimshika mikono miwili akamshusha pole pole, na mimi nimesimama upande ule mwingine nikijifanya naangalia tairi.

Niliona aibu. Sijui niseme vingine.

Niliendesha taratibu hadi boda boda zikawa zinatupita. Kila tuta nilikuwa karibu nishuke nililainishe kwa mkono.

Nyumbani Nelius alitukuta kwenye lango, analia na kunigombeza pamoja. Alinipa maneno yangu yote na mengine ya mwaka uliopita. Nikayapokea. Mama alipoketi sebuleni na kikombe cha chai, mimi nikabaki nje ya mlango, pale ninapokaa siku zote akiwa ndani.

Nelius akamuuliza, "Mama, hata hivyo, ile gari ya yadi uliionaje? Tuichukue?"

Sasa anasema, nikajiambia. Atasema gari ni nzuri sana, shida ni dereva, na atasema dereva aliongea nini kwa simu. Na ni haki yake.

Mama alikunywa chai kwanza.

Halafu akasema, kwa Kimbeere, kwa sauti ya kunifikia mlangoni, "Hapana. Ni mbaya. Inarusha watu. Kaeni na hiyo yenu."

Nelius akapumua. "Basi. Nilisema ukisema hapana ni hapana. Subaru inabaki."

Nilikuwa nimeshinda. Kila kitu nilichotaka nimepewa, na aliyenipa ni mtu niliyemtikisa kilomita ishirini na sita, kwenda na kurudi, akijua ni kwa nini.

Kobia alipiga simu kuuliza matokeo. Nikamwambia Subaru imebaki. Akapiga kelele za furaha, na mimi nikakaa kwa ngazi kama mtu wa matanga.

Sasa ona mtego nilioingia. Ningemwambia Nelius ukweli vipi? Ningesema mama amedanganya? Kwetu mkwe hawezi kutamka hivyo. Alikuwa amenifungia mlango kwa heshima yangu mwenyewe.

Kwa hivyo Jumapili baada ya kanisa nikamwambia Nelius, "Mimi nimebadilisha mawazo. Subaru iende."

"Na mama amesema gari ni mbaya?"

"Ile ni mbaya. Tutafute nyingine."

Ile ya fedha Jamaldin aliilipia Jumatatu, kama alivyosema. Sisi tulipata ya aina hiyo hiyo kule Embu, ya kijani. Subaru aliichukua Kobia. Mashindano ya Mbeere tulienda, yeye akiendesha, mimi kiti cha pili nikisoma ramani. Tulikuwa wa nne kati ya magari kumi na moja. Niliumia kidogo, sitadanganya.

Mama bado anaenda Nkubu kila mwezi. Mimi humfuata hadi Siakago, na Nelius na mtoto mchanga wanakaa naye nyuma. Hajawahi kuniambia alisikia. Mimi sijawahi kumwambia najua alisikia.

Kitu kimoja nilijifunza, na si mambo ya kukunja kioo. Nilijiandaa kwa mama wa kunishtaki. Nilikuwa na majibu, nilikuwa na visingizio, hata nilikuwa na hasira kidogo ya kujitetea. Angenishtaki, hiyo Subaru ningeipigania hadi leo.

Sikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kunifunikia aibu.