Bibi aliyejivika kibao cha Kiingereza kwenye kikao cha wazazi, Old Moshi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Haya niliyaona kwa macho yangu. Jina la shule tu ndilo ninalolihifadhi, kwa sababu bado ninafundisha hapo.

Ni sekondari ya kata huku Old Moshi. Ninafundisha Biolojia kwa kujitolea.

Shuleni kwetu kuna kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unasema Kiswahili au Kichagga, unavishwa shingoni. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako, umvishe yeye. Atakayebaki nacho kengele ya mwisho ikilia anakwenda kukata majani ya ng'ombe wa shule.

(Kwa wageni wa huku: ng'ombe wetu hawachungwi, wanalishwa zizini. Nyumbani kukata majani ni kazi ya heshima. Sisi tumeigeuza adhabu.)

Kidato cha kwanza yupo binti anaitwa Ndeshi. Shule ya msingi, ambako alisoma kwa Kiswahili, alikuwa akiongoza darasa. Alipofika kwetu alichagua njia salama: akanyamaza.

Hakuvaa kibao hata mara moja. Hakujibu, hakuuliza. Mama yake akaanza kusema ni heri amtoe, akajifunze cherehani mjini.

Nikaomba nafasi katika kikao cha wazazi ili kibao kifutwe.

Nilijiandaa, wakuu. Nilieleza kwamba Kenya inavitambua Kiswahili na Kiingereza vyote kuwa lugha rasmi. Kwamba Rwanda ilipohama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, walimu wenyewe walirudi kuwa wanafunzi. Kwamba Wanorwe wanasoma kwa lugha yao, na Kiingereza bado wanakimudu.

Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Elirehema, aliyeongoza watalii mlimani mpaka akastaafu, alinisikiliza kwa upole.

"Mwalimu, wewe daraja umeshavuka. Unataka tuling'oe watoto wetu wakiwa bado ng'ambo?"

Makofi. Mtu akadakia kutoka nyuma, akiniita chifu kwa utani: "Mnorwe haombi kazi kwa Mchagga, mangi!"

Ukumbi mzima ukacheka.

Ndipo bibi yake Ndeshi aliposimama, akaanza kusema kwa Kichagga.

"Bibi, shikamoo," mwenyekiti akamkatiza. "Tunaomba Kiswahili, wapo walimu wa mikoa mingine."

Bibi akaenda mezani, akachukua kibao nilichokuja nacho kama mfano, akajivika.

"Haya, nimeshaadhibiwa," akasema kwa Kiswahili. "Sasa niacheni nimalize."

Akaendelea na Kichagga chake. Mzazi aliyekaa karibu nami alinitafsiria: mjukuu wake nyumbani hubishana naye mpaka chakula kinapoa. Anauliza, mtoto huyo shule imempeleka wapi?

Watu walicheka, mmoja wawili wakafuta machozi. Kisha wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na kibao kikabaki. Sala ya kufunga ilisaliwa kwa Kiswahili.

Kesho yake asubuhi Ndeshi alinisubiri mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, naomba kibao nikivae mimi."

"Umefanya nini?"

"Bado. Nataka kuuliza maswali."

Akakivaa, akauliza: kama mgomba hauna mbegu, wa kwanza pale kihambani, shamba la nyumbani kwao, ulitoka wapi? Kipindi kizima kiliishia hapo.

Tangu siku hiyo anakivaa kila asubuhi. Na kwa kuwa kibao ni kimoja, naye hamnasi mtu, wenzake wanauliza bila hofu. Habari ya cherehani imekwisha.

Lakini kila jioni ninamwona akishuka bondeni na mundu. Siku nyingine ninamsaidia kubeba mzigo. Tumechoka sote.

Nilichojifunza: mifano ya nchi za watu haimfungui mtoto mdomo. Sikipingi Kiingereza, wakuu. Kinachonichosha ni kwamba tumempata mtoto wa kuuliza, na bado tunamkatisha majani kwa ajili ya swali lake.

Mlio Kenya, Uganda, Rwanda, kwenu mtoto huruhusiwa kuuliza kwa lugha gani? Nanyi mliowahi kukivaa, semeni kweli: kiliwafundisha Kiingereza, au kiliwafundisha kunyamaza?