Kilemba cha Mtu wa Rondo

Mwalimu wetu wa ngumbaru alitumia jioni nzima kutueleza faida anayopata mwajiri akimfundisha mtu kazi mwenyewe. Nilimsikiliza kwa adabu, huku nacheka moyoni. Somo hilo nilikwisha kulimaliza zamani za Mwingereza, kwenye baraza ya duka la Muhindi mmoja pale Lindi.

Nilishuka kutoka Rondo nikiwa na ndevu tayari, nikapokewa na fundi cherehani wa baraza ile. Akanikabidhi pasi ya mkaa, nzito kiasi kwamba ukiiweka upande mmoja baraza inainama. Nikanyoosha nguo za Lindi yote na nusu ya Kilwa. Yakafuata matundu ya vifungo, kisha mapindo. Cherehani nilikuwa naitia mafuta tu. Kukalia kiti chake, mwiko.

Ikakaribia Idi. Kanzu zilirundikana hadi paka wa duka akapotelea humo, na macho ya fundi yalikuwa yameanza kufifia. Akitunga uzi, tundu la sindano halioni. Mwenye duka akatoka barazani.

"Fundi, nitaleta mtu kutoka Dar es Salaam. Ameiva."

"Wa kuletwa anakuja na mkono wake," fundi akajibu. "Wateja wako wameuzoea wangu. Huyu hapa anao."

"Huyu? Kwani ametoa kilemba?"

"Bado."

"Basi si fundi."

Nikaelewa kwamba nisipotoa kilemba, narudi Rondo kulima mihogo. Ila kwetu kilemba ni kitambaa cha kichwani, basi. Sikujua kwamba kwa mafundi wa pwani ndilo jina la ada anayotoa mwanagenzi akihitimu. Nikatafuta bafta nyeupe, ndefu ya kuzungushia boma la Mwingereza na bendera yake, nikaipinda kwa mkono pande zote. Asubuhi nikamwendea fundi.

"Shikamoo, fundi. Kilemba chako hiki."

Kicheko kikazuka barazani. Mshona viatu wa jirani akashika mbavu.

"Kaleta kilemba chenyewe! Wewe mtu wa Rondo, ukiambiwa umpe mwenzio mkono, si utaukata?"

Fundi hakucheka. Aliushika upindo, akafumba macho, akaufuata kwa ncha za vidole polepole hadi mwisho. Kisha akamkabidhi mwenye duka.

"Huo mkono wa nani?"

Mwenye duka akaugeuza, akaugeuza tena. "Wako."

"Mimi sindano siioni siku hizi. Kapinda huyo unayesema si fundi."

Habari za Dar es Salaam zikaishia hapo. Fundi akajifunga kilemba chake, kikamzunguka hadi masikio yakazama. Halafu akainuka kwenye kiti cha cherehani, akaichukua pasi, akaanza kupuliza mkaa.

"Kaa," akaniambia. "Kanzu hazijishoni."