Siku Niliyouza Sabuni

Mwaka wangu wa kwanza kama mkuu wa polisi wa wilaya, huku Ufipa, niliandika vipaumbele vyangu nikavibandika ukutani: wezi wa ng'ombe kwanza, wavunja vibanda vya sokoni pili. Magendo sikuyaandika. Biashara ilikuwa imeruhusiwa, na sabuni za magendo nilizokuwa nikizikamata ujanani kwenye vichochoro vya kutokea Zambia sasa zilipangwa mezani mchana kweupe. Nikajiona mtu wa zama mpya.

Wavunja vibanda wakanishinda. Kila wiki kibanda kimoja kilivunjwa, na hakuna aliyekuwa ameona kitu. Nikiingia sokoni, mazungumzo yanakatika. Sajini wangu, mwenyeji wa Mollo, ndiye aliyenipasulia ukweli: yupo mama muuza sabuni anayesikilizwa na soko zima, na mimi huyu, nikiwa konstebo, nilimnyang'anya mzigo wake. Asiposema yeye, hasemi mtu.

Nilimkumbuka. Alikuwa amejifunga miche ya sabuni tumboni, chini ya khanga, aonekane mjamzito, nami nikatamba kambini kwamba leo nimemzalisha mtu. Nilipokumbuka hilo niliona aibu.

Nikamwendea na sare zangu zote. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akanitazama toka viatu hadi kofia, akainuka kwenye kigoda chake.

"Kaa hapa, afande. Uza mche mmoja tu, ndipo tuongee."

Hasira zangu ziko karibu, na zilikuja. Lakini soko zima lilikuwa limesimama kunitazama. Nikavua kofia, nikakaa, nikanadi. Sauti niliyozoea kuamrishia gwaride ikawa inaita wateja wa sabuni, na wauza mahindi wakacheka hadi wakaegemea magunia. Mzee mmoja mfugaji akaomba apunguziwe, nikampunguzia bila kumuuliza mwenye mali. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo, nasema kweli.

Mama akajifuta machozi ya kicheko, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Ule mzigo wangu, ulifika wote kituoni?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Miche miwili niliipeleka nyumbani, mama," nikasema. "Mke wangu alikuwa amejifungua, hatukuwa na sabuni ya kufulia nepi."



"Basi mtoto alitakata," akasema, akavuta kigoda kingine, akaanza kunitajia wezi mmoja mmoja.