Mbwa Aliyefundishwa kwa Majivu

Asubuhi ya leo nimeikuta kanga ya bibi stoo, nyuma ya gunia la mahindi. Ilikuwa imekunjwa vizuri, kona kwa kona, kama anavyokunja zile za kwendea kanisani, ila hii ilikuwa imelowa, na harufu ndiyo iliyonipeleka pale. Ni ya tatu wiki hii. Nje watoto walikuwa wananipigia kelele kwamba bajaji ya shule imefika, na mimi nimesimama na kanga mkononi, nimechoka hoi kabla hata ya saa moja. Sikuchoka kufua, uelewe hivyo. Kufua nimezoea. Nimechoshwa na kufichwa.

Bibi huyu ndiye aliyenilea, hapa hapa Babati, kwenye kiwanja hiki hiki, wakati mama yangu akifanya kazi Arusha. Sasa zamu ni yangu. Tangu kiangazi kilichopita mwili wake umeanza kumwangusha. Anajikuta amelowa kabla hajajua kama amebanwa. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimechelewa kazini, nilimfokea mbele ya watoto: "Bibi, si nimekuuliza sasa hivi kama unataka kwenda chooni?" Tangu siku hiyo nikimwita haitiki, nikiingia chumbani anageukia ukutani, na kanga zimeanza kupotea.

Nilipokwisha kuwapakia watoto nilirudi stoo, nikakaa juu ya gunia, na aliyenijia kichwani alikuwa mbwa. Usinielewe vibaya, rafiki yangu. Simlinganishi bibi na mbwa. Ninaowalinganisha ni mimi wa leo na mimi wa miaka tisa, na sikufurahia nilichokiona.

Enzi hizo nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, na jiko lilikuwa kibanda cha peke yake uani, na mafiga yake matatu. Kama ulikulia mji kama huu unakumbuka majivu yalivyokuwa mali. Tuliyasugulia sufuria, tuliyachanganya na maharage yasibunguliwe, tuliwapaka kuku wenye utitiri, na kila jioni nilimwaga kopo zima chooni kukata harufu. Siafu wakitoka, watu walinyunyiza mstari wa majivu kwenye vizingiti. Kuyazoa kila asubuhi ilikuwa kazi yangu, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ile harufu yake kavu puani, vuguvugu, iliyochanganyika na moshi wa kuni mbichi.

Mbwa alikuja na bibi kutoka Sigino, alikokwenda kumsaidia dada yake kuvuna mbaazi. Kicheche alikuwa anatumalizia kuku, kwa hiyo yule dada akampa mbwa mchanga wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alisafiri ndani ya kikapu, juu ya mbaazi, na zile mbaazi tuliziosha mara tatu kabla ya kuzipika. Nilimpa jina la Kamanda. Bibi alimtazama alivyokuwa anatetemeka miguuni pake, chini yake pamelowa, akasema, "Haya, Kamanda. Karibu kazini."

Kamanda hakushika amri ya mtu. Ukimwambia njoo, anakwenda. Ukimwambia nenda, anakuja. Siku moja alifuata mbuzi waliokuwa wanaswagwa mnadani, na nilimkimbiza nusu ya mji na sare za shule. Na alikojoa kila mahali: chini ya kitanda, juu ya mkeka, juu ya sweta langu la shule lililokuwa linasubiri kufuliwa, ambalo baada ya hapo halikusubiri tena.

Kumsafishia kulikuwa juu yangu. Nami, mtoto mwenye akili zangu, nilifanya kama nilivyozoea kufanya chooni: kila alipojisaidia nilichota majivu jikoni, nikamwagia, nikayaacha yanywe, kisha nikazoa. Nilifanya hivyo mwezi mzima, kwa bidii, na nilijiona msafi kuliko watoto wote wa mtaani.

Asubuhi moja bibi aliingia jikoni kuwasha moto, akatoka kimya kutafuta koleo. Kamanda alikuwa amekwenda haja kubwa katikati ya mafiga. Uji siku hiyo ulichelewa, nami nikachelewa shule.

Siku chache baadaye akaja jirani. Alikuwa mwenye duka, Mwislamu, mzee mpole niliyemwamkia shikamoo mara kumi kwa siku na mara zote kumi akanijibu marahaba. Siku hiyo alisimama mlangoni kwetu na kanzu yake, akakataa kukaa.

"Mama Yohana," alimwambia bibi, akimwita kwa jina la mjomba wangu, "sisi ni majirani wa siku nyingi. Sijawahi kukuletea neno."

"Kweli, Baba Zuhura. Sema."

"Huyu mbwa wenu. Siku tatu mfululizo ananichafulia kizingiti. Nimeshatawadha, natoka kwenda msikitini, nakanyaga. Inabidi nirudi nianze upya, na mke wangu aoshe mlango mzima. Na mfungo umebakiza wiki tatu kuanza."

Bibi aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, na kumwona vile kuliniumiza. "Nipe hizo wiki tatu," alisema. "Mwezi ukiandama na bado anakuja kwako, nampeleka Mutuka."

Mutuka, kwetu sisi, ilikuwa na maana moja. Kulikuwa na mkulima kule aliyefunga mbwa wake kwa waya katikati ya shamba walinde mahindi, mvua yao, jua lao. Nilishawahi kuziona shingo za wale mbwa. Siku hiyo sikula.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mwalimu wetu, aliyeamini fimbo kwa kila ugonjwa, alisema mbwa husuguliwa pua kwenye uchafu wake kisha anachapwa. Nikafanya hivyo. Nilimchapa kwa sababu nilimpenda na niliogopa Mutuka, na sijui kama hilo linapunguza chochote. Nikirudi shule nilimwita, "Kamanda, njoo," akaja anatikisa mkia, nikamkamata nikamchapa kwa alichokifanya asubuhi. Mara tatu alikuja hivyo. Mara ya nne alisimama mbali, kwenye migomba, akanitazama tu. Na tangu hapo akaanza kujisaidia mafichoni: nyuma ya pipa la maji, chini ya banda la kuku, ndani ya kiatu cha mjomba.

Bibi alikuwa anapukuchua mbaazi uani, anatuangalia. Aliweka ungo pembeni.

"Unamwita umchape?"

"Amekosa, bibi."

"Amekosa asubuhi. Sasa hivi amekosa nini? Umemwita, amekuja, umempiga. Ungekuwa wewe ungekuja tena?"

Akanyoosha kidole kwenye madoa ya kijivu yaliyotapakaa uani. "Na haya majivu kila mahali ni ya nini?"

Nikamweleza, kwa majivuno kabisa, jinsi nilivyokuwa nikikata harufu. Bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alinishika mkono akanipeleka mpaka mlangoni kwa jirani. Pale kizingitini, kutoka ukingo hadi ukingo, palikuwa na mstari mnene wa majivu. Siafu walikuwa wanawasumbua tangu wiki iliyotangulia.

"Umeona?" alisema. "Mbwa huyu mtiifu kuliko wewe. Umemfundisha kwamba penye majivu ndipo chooni, na somo amelishika."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini bibi hakuniruhusu kurudi nyumbani. Alinisukuma dukani nikaseme mwenyewe. Nilisimama mbele ya kaunta, nikaamkia, nikaitikiwa, nikasema si Kamanda, ni mimi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, huku anapima sukari ya mteja. "Kumbe mwanafunzi hana kosa," alisema. Akakubali kuzuia siafu kwa mafuta ya taa badala ya majivu, nami nikaahidi kuosha kizingiti chake kwa sabuni kila asubuhi kabla ya shule. Niliosha wiki tatu nzima.

Ndipo kazi ikaanza. Majivu yote ya nyumba, hata yale ya chooni, yalimwagwa mahali pamoja tu, nyuma ya migomba. Kamanda akiamka, nambeba nampeleka. Akila, nampeleka. Akicheza akachoka, nampeleka. Kisha nasimama nasubiri. Kumsubiri mbwa akojoe kunachosha kuliko kuchota maji, kwa sababu maji angalau unajua ndoo itajaa saa ngapi. Bibi alinikataza kumhimiza. Alinikataza hata kuguna. Akimaliza, nampa kipande cha ukoko wa ugali, ule wa chini ya sufuria, ulioungua kidogo na kunukia.

Kumwita ilikuwa ngumu zaidi. Bibi aliniambia nikae chini, nimpe mbwa mgongo, niweke ukoko kwenye kiganja nyuma yangu. "Mwite mara moja tu," alisema. "Anasikia. Hajaamua tu." Siku ya kwanza nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na ukoko ukaliwa na kuku. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilimwambia bibi nimechoka, akasema hata yeye amechoka, kaa. Siku ya tano, kuku wakiwa wanaingia bandani, nilisikia pumzi mgongoni na pua yenye maji kiganjani mwangu. Sikugeuka. Nililia kimya kimya huku ananilamba vidole.

Mwezi uliandama. Asubuhi ya kwanza ya mfungo nilikuwa natoka kwenda shule, na mtu alikuwa ameacha geti wazi. Kamanda alikuwa tayari barabarani, anakwenda moja kwa moja kwa jirani, na jirani mwenyewe anatoka mlangoni, miguu bado inachuruzika maji ya udhu. Mzee alisimama. Nilitaka kukimbia nimkamate mbwa, nilitaka kupiga kelele. Nikaita mara moja, "Kamanda," nikakaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya shule, nikawapa mgongo.

Sikuona kilichotokea. Nilimwona bibi tu, amesimama mlangoni kwetu na kata mkononi, na niliusoma uso wake. Ulikaza, ukakaza zaidi, halafu ukalegea. Kamanda alinipita mbio, akaingia getini, akaenda nyuma ya migomba kwenye majivu yake. Nyuma yangu nilisikia mzee anasema alhamdulillahi, kisha ndala zake zikielekea msikitini. Sikukuu ya Idi ilipofika alituletea sinia la pilau, na pembeni mifupa imefungwa kwenye gazeti. "Hii ya kamanda wenu," alisema.

Kamanda aliishi nasi mpaka nilipomaliza kidato cha nne, na vicheche wa mtaa mzima walimjua. Bibi ndiye aliyemzika. Migomba haipo tena, kibanda cha jiko kilibomolewa, pakajengwa nyumba hii ya vigae. Mzee wa duka alishatangulia, watoto wake wakauza, na pale kizingitini kwake sasa pana nyumba ya wageni yenye taa za rangi. Tunapikia gesi. Siafu tunawapulizia dawa ya kopo. Wanangu hawajawahi kuzoa majivu, na nikiwaagiza wayatafute leo, sijui wangeyapata wapi kwenye mtaa huu.

Haya yote nimeyawaza juu ya gunia, kanga ya bibi imelala mapajani mwangu inanilowesha. Nilimchapa Kamanda kwa kuja alipoitwa, akajifunza kujificha. Nikafundishwa, nikaelewa, nikalia, nikakua, halafu nikaja kumfanyia hivyo hivyo aliyenifundisha. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu siku ile dukani.

Kazini nimetuma ujumbe kwamba leo sifiki. Nimezifua zile kanga tatu, nikazianika mbele ya nyumba. Kisha nimetandika mkeka barazani, nikakaa na ungo wa mbaazi, mgongo nimeuelekeza kwenye mlango wa bibi.

"Bibi," nimeita. Mara moja tu.

Nimepukuchua. Bodaboda zimepita, jua limenifikia magotini, ungo umejaa nusu. Mara mbili nimetaka kuita tena na mara mbili nimejizuia. Mwishowe nimesikia mlango, na nyayo zake zikiburuzika taratibu kwenye vigae, zikasimama nyuma yangu. Sikugeuka. Ameweka mkono begani mwangu, ule mkono mwepesi wa siku hizi.

"Ukoko uko wapi?" ameuliza.

Nimecheka, na machozi yakanishinda hapo hapo. "Sina, bibi. Sufuria zetu hizi hazishiki ukoko. Nisamehe."

"Basi nipeleke chooni hivyo hivyo," amesema, akaninyooshea mkono.